Hadteli ya kuanzia kwa njia za msituni: mpya ya ngazi ya chini, mpya ya fremu ya kisasa, au iliyotumika?

Njia_Nyembamba

Wakuu, salamu kwenu. Naomba mnisaidie kuchambua kabla sijatoa hela. Nataka hadteli yangu ya kwanza, baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu, nyuma fremu kavu. Kazi yake ni njia nyembamba za msituni: mizizi, mawe ya ukubwa wa ngumi, kona za udongo, mteremko mkali hapa na pale. Miruko mikubwa haimo kwenye mpango. Nina kilo 82, urefu sentimita 176. Bajeti ni ndogo na haitanuki.

Zimebaki tatu.

A: mpya, ngazi ya chini ya kampuni kubwa, aina ya akina Trek Marlin, Giant Talon na Specialized Rockhopper. Ina shokapu ya springi ya chuma inayobonyea hadi milimita 100, gia 2 mbele na 8 nyuma, breki za diski za mafuta, na ekseli nyembamba za kufungua kwa mkono.

B: mpya, kampuni isiyojulikana sana. Shokapu ya hewa milimita 120, gia 1 mbele na 10 nyuma za microSHIFT Advent X, ekseli nene ya kupenyeza nyuma. Hii inamaliza bajeti yote.

C: imetumika miaka michache, ilikuwa ya ngazi ya kati. Shokapu ya RockShox Recon milimita 120, gia 11 za Shimano Deore, na nguzo ya kiti inayoshuka kwa kitufe. Bei sawa na A.

Muuzaji wa A anasema gia 16 zinazishinda gia 10 kwa mbali, mengine ni urembo. Mnasemaje?

Fundi_Spoku

Mkuu, idadi ya gia isikuyumbishe. Chukua A yenye meno 36 na 22 mbele, na 11 hadi 32 nyuma. Gia nyepesi kabisa ya kupandia ni 22 kwa 32: kila ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara 0.69. Kaseti ya Advent X, yaani rundo la sproketi za nyuma, ni meno 11 hadi 48. Ukiwa na meno 32 mbele unapata 0.67. Kwa hiyo kwenye mlima B haiachwi na A, tena ni nyepesi zaidi kidogo. Unachopoteza ni mwendo wa juu kabisa, ule wa lami tambarare, na msituni hutaufikia. Katika zile 16 zenyewe kadhaa zinarudiana. Zaidi ya hapo, diraila ya Advent X (mkono wa nyuma unaohamisha cheni) ina klachi ya kukaza cheni isirukeruke kwenye mawe. Za gia 8 za bei ya chini kwa kawaida hazina.

Mimi ningeanzia kwenye habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Kila anayeniletea baiskeli ya gia 7 au 8 namuuliza: hii ni friwili ya theredi (inayokazwa kwenye habu kama skrubu) au ni kaseti (inayochomekwa)? Kwa macho zinafanana. Kwenye friwili, beringi ya upande wa cheni imekaa ndani sana, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki hakina cha kukishikilia. Mtu wa kilo 82 akishuka nayo mawe, ekseli inapinda, na ikiendelea inakatika. Kwenye kaseti beringi iko nje, karibu na fremu, pale uzito unapotua.

Kupima ni rahisi. Inua gurudumu la nyuma, zungusha sproketi kinyumenyume kwa mkono, na utazame katikati, pale panapoingia kifaa cha kufungulia. Vile vijino vya ndani vikizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Vikitulia huku sproketi zinazunguka, ni friwili. Ukikuta A ina friwili, kwa njia ulizozitaja, iache hapohapo dukani.

Jingine ni bomba la mbele la fremu, lile linalobeba usukani. La kisasa limetanuka chini: inchi 1⅛ juu, inchi 1½ chini. Shokapu nyingi nzuri za sasa zimetengenezwa kwa bomba hilo. Ukinunua fremu yenye bomba jembamba moja kwa moja juu hadi chini, siku ukitaka shokapu ya maana utapata shida kuipata. Breki zinabadilishwa, tairi zinabadilishwa, usukani ndiyo kabisa. Fremu ndiyo unaishi nayo.

Bi_Korongo

Naunga mkono hoja ya fundi, niongeze upande wa shokapu, maana watu wengi wanasoma milimita 100 au 120 na kuishia hapo.

Springi ya chuma inatoka kiwandani ikiwa imekadiriwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Mimi nina kilo 56. Shokapu ya namna hiyo nikiipanda haibonyei hata nusu ya milimita zake, mikono ndiyo inapokea mizizi yote. Mtu wa kilo 95 naye anaigonga hadi mwisho. Kile kitufe cha juu kinachozungushwa hakibadilishi ugumu wa springi, kinaibana tu kabla hujakaa. Ya hewa unaipima kwa pampu mpaka ikufae wewe. Funga kamba nyembamba au mpira kwenye mguu wa shokapu, isukume hadi chini kwenye sili (pete ya kuzuia mafuta na vumbi), panda ukiwa na mavazi yako yote, simama kwenye pedali kama unavyosimama njiani, kisha shuka taratibu bila kubonyeza. Kwa shokapu ya milimita 120, kamba ikiwa imesogea milimita 25 hadi 30 uko mahali pazuri. Ikiwa imesogea 10, punguza hewa.

Halafu angalia unene wa miguu. SR Suntour wanauandika kwenye jina: XCM30 ni milimita 30, XCR32 ni 32, XCR34 ni 34. Zile za chini kabisa kama XCE ni 28, na kwa kilo 82 utaiona ikipinda ukikaza breki kwenye mawe: gurudumu linaelekea pake, usukani pake. Na uliza kama ina kirekebishi cha kasi ya kurudi. Shokapu isiyo nacho ikibonyea inaruka juu kwa nguvu zake zote, na kwenye mizizi mitatu mfululizo inakutupa nje ya mstari.

Breki_Mbili

Jamani, A tunaizika mapema mno. Kwanza, kampuni hizo kubwa zimebadilika. Marlin ya kizazi cha 3 ina pembe ya usukani (mlalo wa bomba la mbele) ya digrii 66.5, ambayo miaka michache nyuma ulikuwa unaikuta kwenye baiskeli za njia hasa, siyo za kuanzia. Mtu asome karatasi ya vipimo ya mwaka husika, siyo jina lililoandikwa ubavuni.

Pili, mtoa mada amesema B inamaliza bajeti yote. Helmeti iko wapi hapo? Glavu, pampu, tyubu ya akiba, viraka? Baiskeli nzuri bila helmeti siyo chaguo, kwangu mimi halihesabiki. Pamoja na hayo, ukibaki na hela ya tairi mbili nzuri za upana wa inchi 2.35, zenye meno ya pembeni yaliyosimama, A itakushikia kona kuliko B yenye tairi ngumu za kiwandani. Tairi ndiyo kitu pekee kinachogusa ardhi.

Breki za mafuta za Shimano MT200 au Tektro M275 zinazokuja kwenye baiskeli za ngazi hiyo zinatosha kabisa kwa mwanzo. Zile za kebo ndizo ningezikataa.

Na jambo ambalo sijaona likitajwa: tafuta alama ya daraja la matumizi kwenye fremu au kwenye kitabu chake. Kwa mujibu wa kiwango cha Marekani cha ASTM F2043, daraja la 1 ni barabara ya lami, la 2 linaongeza changarawe na mishuko isiyozidi sentimita 15, la 3 ni njia za nje zenye mishuko hadi sentimita 61, la 4 hadi 122. Unahitaji la 3 kuendelea. Kuna baiskeli zina sura yote ya mlimani, shokapu mbele na nyuma, na kitabu chake kinakataza kuitoa nje ya barabara. Hizo za shokapu mbili kwa bei ya chini zikwepe kabisa.

Fundi_Spoku

@Breki_Mbili hoja ya helmeti naikubali yote. Kuhusu MT200 niongeze: diski nyingi zinazokuja nazo ni za pedi za resini pekee, na imeandikwa kwenye diski yenyewe. Usije ukafunga pedi za chuma, zitaila. Kwa kilo 82 weka diski ya milimita 180 mbele ukiweza, utaona tofauti kwenye mteremko mrefu.

Mzee_wa_Kilele

Vijana mmeongea vizuri, ila C mmeipita juu juu. Kwa hela ndogo, iliyotumika ndiyo inayokupa baiskeli kubwa zaidi, sharti ujue kuikagua. Ukiona hujiwezi, nenda na anayejua.

Anza na fremu ikiwa imeoshwa. Baiskeli yenye matope usiikague, mwambie mwenyewe aioshe kwanza. Pitisha kidole na tochi chini ya bomba la mbele, pale bomba la chini linapoungana nalo, na pale nguzo ya kiti inapoingia. Ufa huanza kama mkwaruzo mwembamba wa rangi kando ya weldi. Mkwaruzo wa kawaida unapita popote, ufa unafuata weldi. Kucha ikikwama na mstari unafuata weldi, ondoka.

Kisha kaza breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku mkono mwingine umeshika kwenye kikombe cha beringi za usukani. Ukisikia kugonga, beringi zimelegea au zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma juu, litikise kushoto na kulia. Bonyeza kitufe cha kiti, kishuke na kupanda mara kadhaa, kisha ukikalie kikiwa katikati uone kama kinazama chenyewe.

Shokapu ndiyo pa kutulia. Miguu ya Recon iwe inang'aa. Mkwaruzo ulio juu kabisa, mahali ambapo sili haifiki, si neno. Ulio kwenye njia ya sili unatoa mafuta na kuingiza vumbi, na dawa yake ni ghali. Muulize ilifanyiwa sevisi lini. RockShox wanashauri miguu ya chini ifunguliwe kila saa 50 za kupanda na sevisi kubwa kila saa 200. Asiyekuwa na jibu, hesabu kwamba haijawahi, na gharama hiyo uitoe kwenye bei.

Cheni ipime kwa rula. Pingili 12 kamili, kutoka pini hadi pini, kwa cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika karibu 306.3 ni ya kubadilisha. Ikizidi 307, kaseti nayo huenda imeliwa.

Na namba ya fremu, kwa kawaida iko chini ya krenki, pale mikono ya pedali inapoungana na fremu. Iandike, omba risiti ya kwanza. Mwenye baiskeli halali hakasiriki ukimuuliza.

Njia_Nyembamba

Wakuu, nashukuru sana. Nimezunguka leo na maelekezo yenu mkononi.

A: nimezungusha sproketi kinyumenyume, vijino vya katikati vimetulia tuli. Friwili. Bomba la mbele nalo ni jembamba juu hadi chini. Breki ni nzuri lakini nimeiacha.

B: fremu ni safi, bomba limetanuka, ekseli ya milimita 148 nyuma, alama ya daraja la 3 ipo. Saizi M, nimekaa vizuri. Tatizo linabaki lile la helmeti.

C: saizi L. Fremu haina ufa, usukani haugongi, risiti ipo na namba inalingana. Cheni nimepima 307.2. Mguu wa kulia wa shokapu una alama ndogo, kama sentimita 2 juu ya sili, kucha haikwami. Sevisi ya shokapu hakumbuki.

Mzee_wa_Kilele

Alama isiyokamata kucha haitakula sili leo wala kesho, lakini ipo kwenye njia yake, kwa hiyo itaje kwenye mazungumzo ya bei. Kinachogharimu hapo ni vitu vitatu: cheni, kaseti ya meno 11 hadi 51, na sevisi ya shokapu. Nenda kwa muuza vipuri, pata bei za vyote vitatu, mpelekee mwenyewe karatasi. Akipunguza kiasi hicho, umepata baiskeli ambayo B haiifikii, kwa sababu ya Recon na ile nguzo ya kiti. Asipopunguza, mwache nayo.

Bi_Korongo

Kabla ya bei, saizi kaka. Sentimita 176 iko mpakani kwa kampuni nyingi, wengine watakupa M, wengine L. Panda C, simama kwenye pedali zikiwa sambamba na ardhi, kiti kikiwa chini. Ukijikuta umenyoosha mikono hadi kiwiko hakina mkunjo, ni ndefu kwako, na stemu fupi (kipande kinachoshika usukani) itasaidia kidogo tu. Kisha simama chini ukiwa umepitisha mguu: kati yako na bomba la juu pawe na nafasi ya vidole vinne angalau. Baiskeli ya saizi isiyo yako haina bei nzuri.

Njia_Nyembamba

Nimerudi. Viwiko vina mkunjo, nafasi ya bomba la juu ni zaidi ya vidole vinne. Mwenyewe amepunguza cheni na kaseti yote, na nusu ya sevisi. Nimeichukua C, na helmeti nimeshanunua. Tairi ni 29 kwa 2.35, bado zina tyubu. Niweke upepo kiasi gani?

Fundi_Spoku

Hongera mkuu. Kwa kilo 82 na tyubu ndani, anza na psi 26 mbele na 29 nyuma, upime kwa geji, siyo kwa kidole gumba. Ukiona rimu inagonga mawe, ongeza 2 nyuma. Ukiona mbele inateleza kwenye kona, punguza 1, upande tena njia ileile. Ukihamia kwenye tairi bila tyubu utaweza kushuka psi 3 hivi kote mbili, lakini kwanza thibitisha kwamba rimu na tairi zote mbili zinaruhusu. Cheni mpya na kaseti mpya zifunge siku moja, usitembeze cheni mpya kwenye kaseti iliyoliwa.