Sungura mmoja nyumbani: tumwongezee mwenzake au tumwache?

Wa Umoja:
Nasema wazi: kumfuga sungura peke yake ndani ya nyumba ni kumtesa. Sungura tunaofuga, hata hawa weupe wa New Zealand, asili yao ni sungura-mwitu wa Uhispania na Ureno, wanaoishi kwa makundi ardhini, wakilambana manyoya na kulala ubavu kwa ubavu. Wewe unatoka alfajiri, unarudi usiku kwa sababu ya msongamano wa magari wa Jogoo Road hapa Nairobi. Yeye mchana kutwa yuko na nani? Uswisi imekataza tangu 2008 kumfuga simbilisi (guinea pig) mmoja peke yake, naye ni mnyama wa makundi kama sungura. Sisi tuna Sura ya 360 ya sheria za Kenya inayokataza ukatili kwa wanyama, na kwangu upweke wa kila siku ni ukatili. Nani anapinga?

Wa Kasarani:
Napinga mimi, dada. Mtu akisoma hivyo, Jumamosi yuko sokoni, jioni amemsukumia mgeni kwenye kizimba cha mwenyeji, na kabla hajalala kuna damu. Sungura analinda eneo lake kwa meno. Madume wawili ambao hawajahasiwa hutafuna hata sehemu za siri za mwenzao. Ukileta dume kwa jike, mimba ni siku 31 hivi, na akishazaa anaweza kushika nyingine siku hiyohiyo. Bedsita itabeba vitoto wangapi? Kuhasi nako kunataka daktari anayejua kumlaza sungura usingizi, na wengi wamezoea ng'ombe na mbwa. Gharama yake humzidi bei sungura mwenyewe. Asiyeweza hayo amwache mmoja, ampe muda wake.

Wa South B:
Damu hutokana na haraka. Dume ahasiwe kwanza, kisha akae mbali na jike majuma kadhaa, kwa sababu bado anaweza kumpa mimba. Jike naye atolewe kizazi. Wasiofanyiwa hivyo hupata sana saratani ya mji wa mimba wakizeeka. Halafu vizimba viwili karibu karibu, nafasi kidogo katikati wasing'atane kupitia waya. Badilisha matandiko yao ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Siku ya kuwakutanisha, chagua mahali pasipo pa yeyote kati yao, hata bafuni, ukiwa na taulo nene mkononi. Kupandana na kufukuzana kidogo si neno. Wakianza kuzungukana kwa kasi wakiumana, watenganishe hapohapo, wala usiingize mkono mtupu. Huchukua majuma, pengine miezi. Na wapo wanaokataana kabisa; hao usiwalazimishe.

Wa Umoja:
Wa South B, asante, hayo ndiyo niliyotaka yasemwe. Wa Kasarani, kuhusu gharama sibishi. Ila "ampe muda wake" silipokei: mtu wa kazi ya kutwa atautoa wapi? Kama hana uwezo wa kuongeza wa pili, ampeleke wake kwa anayefuga mwingine, wazoeshwe huko polepole. Na wauzaji wanaowapa watoto kasungura kamoja ndani ya katoni wakati wa Pasaka, hao ndio wa kubanwa. Kabla ya kununua, mtu apite kliniki ya mifugo, hata ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, aulize kuhasi ni pesa ngapi. Wewe wa Kasarani, ungekubali sheria ya kuwakataza wauzaji kuuza sungura mmoja mmoja?

Wa Kasarani:
Ya katoni za Pasaka, nakubali leo hii. Ya kuuza wawili wawili, hapana, mpaka nione daktari wa kuwahasi huku kwetu Kasarani.