Mbwa wetu wa ulinzi amewageukia wenye nyumba

Mkazi wa Sahare:
Salaam, ndugu zangu. Tunaishi Sahare, Tanga, na tuna mbwa dume wa miaka minne tuliyemlea tangu akiwa mdogo. Mchana hufungwa mnyororo chini ya mwembe, usiku hufunguliwa alinde ua. Zamani ukali wake uliwaishia wapita njia, lakini tangu mwezi uliopita huwangurumia hata watoto wetu wakikaribia sufuria yake ya chakula, na juzi alimrukia binti yangu aliyekwenda kuichukua, akamrarua gauni pasipo kumjeruhi. Shemeji anashauri apigwe fimbo kila anaponguruma. Jirani anasema tumhasi, mambo yataisha. Sipendi kumwua, wala siwezi kusubiri hadi ang'ate mtoto.

Bwana Mifugo, Muheza:
Pole sana, ndugu. Kwanza aonwe na daktari wa mifugo, kwa kuwa mbwa aliyekuwa mpole kwa wenyewe akabadilika ghafla mara nyingi ana maumivu: jino bovu, sikio lenye usaha au kidonda kilichofichwa na manyoya. Niliwahi kumtibu mmoja aliyemrukia kila aliyemgusa shingo, na tulipoyafunua manyoya tulikuta ukanda umezama ndani ya nyama.

Je, amechanjwa? Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kutolewa akiwa na miezi mitatu na hapa kwetu hurudiwa kila mwaka. Kwa kuwa kubadilika tabia ni mojawapo ya dalili za ugonjwa huo, kama hajachanjwa mtengeni na watu hadi aonwe. Akimng'ata mtu, hata kama ni mchubuko tu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, kwani dalili zikishajitokeza kwa binadamu ni nadra mno mtu kupona.

Fimbo naikataa kabisa. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayepigwa kwa kutoa onyo hujifunza kunyamaza, halafu siku moja huuma bila sauti. Kuhasi hupunguza uzururaji na ugomvi wa madume, nami napendekeza ahasiwe kwa sababu hizo, ila anayelinda chakula ataendelea kukilinda.

Mama wa Chumbageni:
Wetu alikuwa hivyo kwa vichwa vya samaki. Tulihamishia chakula chake nyuma ya banda, mahali pasipopita watu, na watoto wakakatazwa kufika huko. Kisha mume wangu akawa anapita kwa mbali wakati mbwa anakula, anamrushia kipande cha samaki kitamu kuliko kilichomo kwenye sufuria, anaendelea na safari yake. Siku baada ya siku akasogea hatua moja. Tulichokiangalia ni mwili: mbwa akiacha kutafuna, akikakamaa na weupe wa jicho ukaonekana, hapo mume wangu alirudi nyuma. Sufuria iliondolewa mbwa akishaitwa upande wa pili wa ua. Lilituchukua majuma mengi. Na mnyororo, kwa maoni yangu, ndio uliomharibu: mbwa asiyeweza kukimbia hana njia nyingine isipokuwa kupigana. Mjengeeni banda lenye uzio.

Kijana wa Ngamiani:
Huku mtaani bado wapo wanaowalisha mbwa pilipili ili wawe wakali. Kuna ukweli wowote?

Bwana Mifugo, Muheza:
Hakuna, kaka. Pilipili humuunguza mdomo na tumbo, na mbwa mwenye maumivu hamchagui wa kumng'ata.

Mkazi wa Sahare:
Nawashukuru nyote. Chanjo yake ya mwisho ilikuwa mwaka juzi. Nitamfikishaje kliniki ikiwa hataki kushikwa?

Bwana Mifugo, Muheza:
Usimfikishe, mwite daktari aje nyumbani, umweleze mapema kuhusu chanjo iliyopitwa na wakati ili ajiandae. Hadi afike, mbwa abaki amefungiwa peke yake, maji na chakula asogezewe kwa kusukumwa na ufito mrefu. Msijaribu kumfunga mdomo kwa kamba, kwani mtu huumwa wakati huo huo wa kufunga, na mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, kwa hiyo katika joto la Tanga akifungwa muda mrefu anaweza kuzidiwa.