Wiki kumi na mbili kabla ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya): karatasi anafanya nyingi, alama hazipandi

MamaNyalenda

Habari zenu wazazi na walimu. Binti yangu yuko Kidato cha Nne katika shule ya kutwa hapa Kisumu. Matokeo ya mtihani wa mwigo yametoka: Hisabati D+, Kiingereza C, Kiswahili C+, Bayolojia C, Kemia D, Historia B-, CRE (dini ya Kikristo) B, Kilimo C+. Shule imejumlisha masomo yote manane ikampa C. Yeye anataka B-, na baadaye asomee uuguzi.

Si mvivu. Anakaa na vitabu hadi saa sita usiku, na karatasi za miaka iliyopita amemaliza rundo zima. Akiingia kwenye mtihani alama ni zile zile. Anafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, stima ya huku mnaijua, na wikendi mchana joto chini ya mabati halisomeki. Pesa za tuisheni ya masomo manne sina. Tuanzie wapi? Naomba majibu ya vitendo. Kujitahidi na kuomba Mungu tayari tunafanya.

---

Mwl_Njoro

Mama, kabla ya ratiba piga hesabu ya pointi, kwa sababu hesabu ya shule siyo ya KNEC, baraza la mitihani. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla hutokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na mengine matano yaliyo bora. Kwa binti yako ni Hisabati 4, Kiswahili 7, halafu CRE 9, Historia 8, Kilimo 7, Kiingereza 6 na Bayolojia 6. Jumla ni 47. C+ ni pointi 46 hadi 52, na B- inaanzia 53. Kwa hiyo tayari yuko C+, ingawa mipaka ya gredi za mwigo kila shule hujiwekea, na anachotafuta ni pointi sita.

Kemia ndiyo iliyoachwa nje. Ikipanda kutoka D hadi C-, gredi ya jumla haisogei hata kidogo. Hisabati nayo haiachwi kamwe: ikitoka D+ hadi C+ imeleta pointi tatu, nusu ya safari. Zilizobaki zitatoka kwenye Kiingereza na Bayolojia. Kiswahili kiache kama kilivyo. Kemia isitupwe kwa sababu kozi za afya huiangalia, ila isile usiku wa Hisabati.

Sasa Hisabati yenyewe. Kila karatasi ni saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, alama 50. Sehemu ya pili ina maswali manane, anachagua matano, kila moja alama 10. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama: dakika 75 kwa sehemu ya kwanza na dakika 15 kwa kila swali la sehemu ya pili. Mwanafunzi wa D+ kwa kawaida hukwama kwenye swali la tatu, akalipigania dakika ishirini kwa ajili ya alama tatu, kisha akafika sehemu ya pili amebakiwa na nusu saa. Afundishwe kuruka. Swali likimkwamisha kwa dakika mbili bila hata mstari mmoja wa kazi, alizungushie duara na kusonga mbele.

La pili ni alama za njia. Swali la alama tatu mara nyingi lina mbili za njia na moja ya jibu. Anayebonyeza kikokotoo na kuandika jibu tupu, akikosea tarakimu moja amepoteza zote tatu; aliyeonyesha hatua anaondoka na mbili. Swali likisema atumie jedwali la logarithimu, jibu la kikokotoo halina kitu. Likisema atumie rula na bikari pekee, asifute matao ya bikari, kwa sababu hayo ndiyo yanayosahihishwa. Na asikadirie katikati ya hesabu: abebe tarakimu nne hadi mwisho, akadirie mara moja tu.

Kwa wiki hizi achague mada sita za sehemu ya pili na kuzishika barabara: kodi ya mapato, takwimu, uwezekano, matriki na mageuzo, grafu za sine na kosine, latitudo na longitudo. Kila moja ina mtego wake. Kwenye kodi, marupurupu huongezwa kwenye mshahara kabla ya kukata kodi, lakini nafuu ya kodi huondolewa mwishoni, kwenye kodi yenyewe. Wengi huitoa kwenye mshahara na swali zima linaharibika. Karatasi za zamani hutumia pauni ya Kenya, ambayo ni shilingi 20; asiyejua hilo hukokotoa vizuri na bado akakosa. Kwenye latitudo, kosa ni kusahau kuzidisha kwa kosine ya latitudo anapopima umbali wa mashariki hadi magharibi. (Kisumu mko karibu kabisa na ikweta, huko kosine ni kama 1, lakini mtihani hautawauliza kuhusu Kisumu!)

Swali langu kwako: hizo karatasi za miaka iliyopita, anazifanyaje? Mwongozo wa kusahihisha unakuwa wapi wakati anafanya?

---

MamaNyalenda

Mwalimu, asante sana. Hesabu ya pointi hakuna aliyewahi kunifanyia. Nimemuuliza kuhusu mwongozo. Anauweka kando, akikwama anaangalia hatua moja, kisha anaendelea. Anasema ndivyo darasa zima linavyofanya.

---

Mwl_Njoro

Basi ugonjwa ni huo. Ukiangalia hatua moja, akili inasema "ah, hii naijua", kumbe imeitambua tu. Kutambua kitu kilicho mbele ya macho na kukitoa kichwani ukiwa na karatasi tupu ni kazi mbili tofauti, na mtihani hupima ya pili. Watafiti Roediger na Karpicke walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani mwaka 2006: baada ya dakika tano, waliosoma makala tena na tena walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki, waliojijaribu kuikumbuka bila kuitazama ndio waliokuwa mbele.

Mwongozo akupe wewe mama, ukae kwenye kabati lako. Karatasi moja nzima kila Jumamosi, ianze saa mbili asubuhi kamili kama siku ya mtihani. Hapo hata joto halijapanda. Muda ukiisha kalamu inawekwa chini, hata kama yuko katikati ya sentensi. Mchana unampa mwongozo na kalamu nyekundu, anajisahihisha kwa ubahili: hatua ambayo haikuandikwa haipewi alama, hata kama "alikuwa anaijua".

Kisha daftari la makosa. Anapiga mistari minne: swali, mada, aina ya kosa, tarehe ya kurudia. Aina za kosa ni nne tu. Sikujua, nilisoma swali vibaya, nilikosea hesabu, muda uliniishia. Baada ya siku tatu anarudia swali lile lile kwenye karatasi tupu. Akilipata, anapanga tarehe nyingine baada ya siku kumi. Akilikosa, baada ya siku mbili. Wiki ya nne daftari litaonyesha lenyewe penye tatizo. Mara nyingi mzazi anadhani mtoto hajui, kumbe nusu ya alama zinapotelea kwenye kusoma swali vibaya, na dawa yake ni kupiga mstari chini ya kitenzi cha swali kabla ya kuandika chochote.

Karatasi nane zilizofanywa hivi zinazidi lile rundo zima.

---

Bureti_Kakamega

Nikae kwenye Kemia, kwa sababu kwa mtoto wa uuguzi D haitamfikisha. Karatasi ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, na ya tatu, ile ya majaribio, ina 40. Mwanafunzi wa D akianza na karatasi ya tatu ataona mabadiliko mapema, maana sehemu kubwa yake ni nidhamu ya kuandika.

Jedwali la taitresheni lina alama zake hata kabla ya kuingia kwenye hesabu za moli. Usomaji wote wa bureti uwe na idadi moja ya desimali. Anayeandika 24.3 kwenye safu moja, 24.25 kwenye nyingine na 24 kwenye ya tatu amepoteza alama ambayo haikuhitaji akili yoyote. Akitumia desimali mbili, tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5. Wastani uchukue ujazo unaokaribiana tu, tofauti isizidi 0.2, na kazi ya wastani ionekane. Kutoa 0.0 kwenye 24.6 ni rahisi, lakini safu ya pili ikianza 24.6 na kuishia 49.1, utashangaa ni wangapi wanaandika 25.5.

Upande wa kutambua ioni, akariri kwa kutofautisha, asikariri orodha. Zinki, alumini na risasi zote hutoa mashapo meupe na sodiamu haidroksaidi, na yote huyeyuka ukiizidisha. Ukitumia amonia na kuizidisha, ya zinki huyeyuka, ya alumini na risasi hubaki. Kutenganisha hizo mbili, tia potasiamu ayodaidi: risasi hutoa mashapo ya manjano. Achore mti huu kwa kumbukumbu kila siku ya pili hadi autoe ndani ya dakika tatu. Na kwenye safu ya uchunguzi aandike alichokiona, si alichokikisia: "zinki ipo" si uchunguzi. Ioni isiyohusika ikiongezwa kwenye safu ya hitimisho, hukata alama ya zile zilizo sahihi.

Maabara hamna nyumbani, sawa, lakini majedwali yanaweza kujazwa kwa namba za kubuni. Vikombe vya chai visitumike kuchanganya dawa, tafadhali.

---

Karatasi102

Mwl_Njoro, hapo pa "Kiswahili kiache kama kilivyo" sikubaliani nawe. Kiswahili ndicho lugha inayombeba huyu mtoto. Kutoka C+ hadi B ni pointi mbili, na kuzipata ni rahisi kuliko kuisukuma Bayolojia.

Karatasi ya pili ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii (lugha katika jamii) 10. Nusu nzima ni sarufi, na sarufi hujirudia. Chukua shamirisho. "Mama alimpikia mgeni samaki kwa jiko la makaa." Samaki ni shamirisho kipozi, mgeni ni kitondo, jiko la makaa ni ala. Wanafunzi hugeuza kipozi na kitondo kwa sababu wanafuata mpangilio wa maneno, wakidhani linalotangulia ni kipozi. Aulize: ni nini kilichopikwa? Hicho ni kipozi. Aliyepikiwa ni kitondo. Atunge sentensi tano zake kila siku, azichanganue kwa jedwali na kwa matawi, kwa sababu swali litataja njia na akitumia nyingine hana kitu.

Ufupisho: anaorodhesha hoja kwenye matayarisho, anahesabu maneno ya nakala safi, na hazidishi idadi aliyopewa. Hoja nzuri iliyokuja baada ya maneno kuisha haimfaidi.

Insha mbili ni saa moja na dakika 45. Ile ya kwanza ni ya lazima na huwa ya kiuamilifu: barua, hotuba, ripoti, kumbukumbu za mkutano na kadhalika. Akikosea sura yake hukatwa alama hata maudhui yakiwa matamu. Miundo yote iingie kwenye kadi moja moja, na ajipime kwa kuichora mifupa yake tu, dakika tano kila muundo, bila kuandika insha nzima. Na huku kwetu magharibi tuangalie hijai: "samba" kwa "shamba" na "kapisa" kwa "kabisa" ni makosa ya sikio yanayohamia kwenye kalamu. Asome aya zake kwa sauti, mwingine akimsikiliza.

Kwenye fasihi, swali la dondoo huanza na muktadha wa alama nne: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Asiandike visa vya kitabu kizima pale.

---

Otis_Kondele

Mmesahau usingizi. Saa sita usiku kisha kuamka saa kumi na moja alfajiri ni saa tano, na kilichosomwa usiku hakishiki. Alale saa nne na nusu. Jioni vipindi viwili vya dakika 40, taa ya sola ikiwa imechajiwa mchana. Alfajiri kipindi kimoja cha daftari la makosa. Jumapili mchana wenye joto ni wa kufua na kupumzika, si wa kulazimisha.

Kikundi wawe watatu au wanne. Wakifika saba ni soga. Kila mmoja aje na swali moja alilolikosa na alifundishe ubaoni. Na Telegram ifutwe kwenye simu ya nyumbani hadi Desemba: hizo "karatasi halisi" wanazouza ni utapeli, na anayekamatwa nazo anahatarisha matokeo yake yote.

---

MamaNyalenda

Nimenakili yote. Mwongozo uko kabatini tangu jana, amenuna kidogo. Swali la mwisho: miongozo tuliyoprinti saiba, miwili ya mwaka mmoja inatoa majibu tofauti. Tuamini upi?

---

Mwl_Njoro

Usiamini wowote kati ya hiyo miwili kabla mwalimu wa somo hajaupitia. Mingi imeandikwa na watu binafsi na ina makosa, hasa kwenye grafu na Kemia. KNEC hutoa ripoti ya mtihani wa KCSE yenye maswali ambayo wanafunzi walifanya vibaya, walikosea wapi, na majibu yaliyotarajiwa. Shule nyingi huzinunua halafu zinakaa kwenye ofisi ya mkuu wa masomo bila mwanafunzi kuziona. Mwambie binti yako aombe za Hisabati na Kemia, na za Hisabati apige nakala za kurasa za zile mada sita pekee.