Meno mapya ya mtoto yametoka na madoa ya kahawia, ni maji ama ni nini?

Mama_Bahati
Habari zenu wazazi. Naombeni mawazo juu hii kitu imenikosesha usingizi. Binti yangu ana miaka minane. Meno ya utotoni yalikuwa meupe kabisa, watu walikuwa wanamsifu hata kanisani. Sasa haya ya ukubwa yametoka, yale mawili ya mbele juu yana mistari myeupe kama chaki inayokata jino kwa upana, halafu katikati kuna doa la kahawia. Ya chini yana huo weupe weupe pia lakini si sana. Nikimmulika na tochi ya simu, magego ya nyuma hayang'ai, yanaonekana makavu hivi.

Kinachonichanganya ni kwamba mimi na babake tumekulia Vihiga, tulihamia huku Bahati, Nakuru, tukiwa tumeshaoana, na meno yetu hayana shida yoyote. Lakini ukiangalia watoto wa hii plot wengi wako na hiyo rangi. Maji tunatumia ya kisima cha pampu na tunachemsha kila siku bila kukosa. Nyanyake anasema ni peremende na uvivu wa kupiga mswaki, na mimi najua si hivyo juu namsimamia mwenyewe asubuhi na jioni. Siku hizi akicheka anafunika mdomo na mkono, na hapo ndio naumia zaidi. Jirani ameniambia nichukue mkaa uliosagwa nichanganye na ndimu nimsugue nayo. Nifanye ama niache? Na ako na mdogo wake hajafika miaka miwili, ananyonya bado lakini uji na chakula ameshaanza, sijui kama naye atakuwa hivyo.

Mwana_Njoro
Mama usimsugue na mkaa tafadhali. Mimi ni mzaliwa wa Njoro na meno yangu ni ya kahawia tangu yatoke. Nimesugua na majivu, na mchanga laini, na chumvi, na hakuna kilichotoka, nilichopata ni meno kuuma nikinywa maji baridi. Hiyo rangi haiko juu ya jino, iko ndani yake. Sisi wa huku tunajulikana mpaka Mombasa, ukifungua tu mdomo mtu anakuuliza "wewe ni wa Nakuru?" Ni maji ya kisima. Mwambie mtoto mapema kwamba si uchafu na si kosa lake, mimi hakuna mtu aliniambia hivyo nikiwa mdogo na nilibeba hiyo aibu mpaka nikamaliza sekondari.

AfyaKinywa_Kisumu
Dadangu Mama_Bahati, pole. Mimi ni afisa wa afya ya kinywa, nafanya kazi Kisumu lakini nilisomea na kufanya mazoezi huko upande wa Bonde la Ufa kwa hivyo hayo unayosimulia nimeyaona sana. Siwezi kupima mtoto kupitia simu, mpeleke aangaliwe, lakini ulivyoeleza inafanana kabisa na florosisi, yaani floraidi, madini yanayokuwa kwenye maji, ilizidi wakati jino linajengwa.

Hiyo habari ya meno yenu kuwa sawa na ya mtoto kuharibika ndiyo inanipa picha. Jino la ukubwa linaanza kujengwa ndani ya ufizi mapema sana, gego la kwanza karibu na kuzaliwa na ya mbele mtoto akiwa na miezi michache tu, na linakaa huko miaka ndio litoke. Ile enameli, ganda gumu la nje, inatengenezwa kipindi hicho hicho. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi hiyo miaka ya kwanza, enameli haikomai vizuri, inabaki na vitundu vidogo vidogo ndani ambavyo jicho haliwezi kuona, ndio maana inaonekana nyeupe isiyong'aa. Kwa hivyo linatoka likiwa tayari limeumia. Huo ukahawia mara nyingi unakuja baadaye, baada ya jino kutoka, kwa vile hivyo vitundu vinavuta rangi. Wewe na mzee wako mlifika Bahati enameli zenu zilishaisha kujengwa zamani, hata mkinywa hayo maji miaka yote hayawezi kubadilisha rangi ya meno yenu. Na yale ya utotoni yaliponea kwa sababu sehemu kubwa yalijengwa ukiwa na mimba na akiwa ananyonya, na maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Basi ule mdogo endelea kumnyonyesha.

Kuchemsha, hapa nataka wote msome vizuri. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo usiache. Lakini floraidi haiendi na mvuke, inabaki kwenye sufuria, na maji yakipungua inakolea zaidi. Ile filta ya kawaida ya mshumaa nayo haiitoi, wala ile dawa ya kutibu maji.

Si ugonjwa wa Nakuru pekee, na si wa uchafu. Huko Colorado, Marekani, daktari wa meno anaitwa Frederick McKay alifika 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia namna hii hii, watu wakitoa kila sababu, na ilifika 1931 ndio ikajulikana ni floraidi ya kwenye maji. Huku kwetu ni mawe ya volkano ya Bonde la Ufa, maji yakikaa humo chini muda mrefu yanabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande huo vinapita hapo, vingine mara kadhaa. Na kisima kimoja kinaweza kuwa sawa, cha jirani kikawa kibaya, kwa hivyo bila kupima hujui.

Mkaa na ndimu hapana kabisa. Ndimu ni asidi inayeyusha enameli, mkaa unakwangua, na hii ya mtoto tayari ni dhaifu. Jik, ile ya kutoa madoa kwenye nguo, pia nimesikia watu wakitaja, hiyo hata usiisogeze karibu na mdomo wa mtoto.

Mama_Mapacha_Kakamega
Jamani na mimi niulize hapo hapo. Sisi tuko Kakamega, maji ni ya chemchemi, na kijana wangu wa miaka saba gego jipya limetoka na rangi ya njano na linamegeka kama halijaiva, hata mkate akitafuna anashika shavu, mswaki ukiguswa tu hapo analia. La mbele moja lina doa la njano lenye mpaka unauona wazi, lakini jino la pembeni yake ni safi kabisa. Pacha wake hana kitu na wanakunywa maji yale yale. Hiyo pia ni floraidi?

AfyaKinywa_Kisumu
Mama mapacha, hapana, yako naona ni kitu kingine. Floraidi ingegusa meno ya pande zote mbili kwa kufanana na pacha wa pili angekuwa nayo. Doa lenye mpaka, magego ya kwanza na labda moja mawili ya mbele, uchungu mkali, kumegeka, hiyo ni enameli iliyokosa madini ya kutosha kwenye meno hayo tu. Chanzo chake hakijulikani kwa uhakika, kinahusishwa na mtoto kuugua wakati wa kuzaliwa ama ile miaka mitatu ya kwanza, homa kali za mara kwa mara na kadhalika. Hii usingoje likizo. Gego kama hilo linaoza haraka sana, na mtoto akiogopa kulipigia mswaki ndio linaoza zaidi. Daktari anaweza kulipaka vanishi ya floraidi, kulijaza, ama kulivisha kifuniko cha chuma libaki mdomoni. Mwambie daktari mapema kwamba linauma sana, maana ganzi wakati mwingine haishiki vizuri kwenye meno hayo na inabidi ajipange. Nyumbani mpe maji ya vuguvugu ya kusukutua badala ya baridi.

Nyar_Ugenya
Na jino moja tu kuharibika? Mtoto wa dadangu ni jino moja la chini, limetoka dogo, limepinda na lina rangi ya kahawia. Akiwa mchanga alikuwa na homa na kuhara, wakampeleka kwa mama mmoja akatolewa yale wanaita meno ya plastiki.

AfyaKinywa_Kisumu
Hapo ndio pabaya, na nashukuru umesema. Dada, hakuna meno ya plastiki. Ule uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto ni meno yake ya kawaida yanajiandaa kutoka. Wakichokoa na kisu ama waya wanang'oa jino changa na wanaumiza lile la ukubwa lililolala chini yake, ndio linakuja kutoka limepinda ama halitoki maisha. Na watoto wengine wamepata maambukizi wakafariki. Mtoto anayehara anataka ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na zinki na kituo cha afya. Waambie wamama wa huko tafadhali.

Jino moja pia linaweza kuharibika kama la utotoni lilioza likatunga usaha likaachwa, ama mtoto alianguka akagonga mdomo akiwa mdogo. Na kuna dawa ya tetrasaiklini, mtoto wa chini ya miaka minane akipewa inaweza kuacha rangi ya kijivu ama njano, hiyo muwe mnauliza duka la dawa.

Fundi_Maji_Lanet
Mama Bahati mimi nafanya kazi za matenki na filta hapa Nakuru. Kitu kinatoa floraidi ni filta ya mifupa iliyochomwa, mifupa ya ng'ombe ile, Kanisa Katoliki hapa Nakuru kupitia mpango wao wa maji wamefanya hiyo kazi miaka mingi na wanaielewa. Kuna pia mashine za RO, zinazosukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando mwembamba sana, zile za vioski vya maji, lakini muulize mwenye kioski kama mashine yake ni RO kweli ama ni filta ya mchanga na taa ya kuua vijidudu tu, juu bei inaweza kuwa sawa na maji si sawa. Ile ya mifupa ikishiba inaacha kufanya kazi na maji yanatoka masafi tu kwa macho na ladha, kwa hivyo lazima yapimwe tena na mifupa ibadilishwe. Rahisi kuliko zote ni mvua. Weka gata na tenki, maji ya mabati hayana floraidi ya maana, mwaga yale ya kwanza yanayoosha mabati halafu kinga. Tenki ikiwa ndogo, maji ya mvua yawe ya kunywa, ya chai na ya kupikia peke yake. Kufua na kuoga endelea na ya kisima, hayo hayana neno.

Mama_Bahati
Asanteni sana nyote, nimesoma mpaka nikamsomea mzee wangu. Mwana Njoro yale maneno yako nimeongea na binti jioni hii, ameniuliza "kwa hivyo si mimi nimeyaharibu?" Sasa maswali: nimwachishe dawa ya meno ya Colgate? Maana imeandikwa floraidi. Na ya mbele yanaweza kutengenezwa? Na mboga huwa naweka magadi, mrenda na kunde bila magadi sisi hatuli.

AfyaKinywa_Kisumu
Mswaki na dawa ya meno yenye floraidi asiache, meno yake yanaihitaji yasioze. Miaka minane anaweza kutumia kawaida, ateme tu. Mdogo mpake kidogo mno, kama amefika kuwa na meno, alama nyembamba tu kwenye mswaki, na wewe ndio ushike mswaki.

Magadi punguza ama acha, hasa kwenye chakula cha mdogo. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa inaweza kuwa na floraidi nyingi, kwa hivyo unatoa kwenye maji unarudisha kwenye sufuria. Chai pia majani yake yana floraidi, mdogo hahitaji chai kabisa.

Ya mbele yanatengenezeka. Madoa ya juu juu daktari anaweza kuyasugua na dawa maalum inayotoa safu nyembamba, ama apake dawa nyepesi inayoingia kwenye vile vitundu na weupe unapungua. Yaliyochimbika yanafunikwa na kijazio cha rangi ya jino. Mambo ya kuchonga jino na kulivisha ganda la kauri yangoje awe mtu mzima, mtu akitaka kumchonga saa hii mkatalie. Anzia idara ya meno ya hospitali ya kaunti, uliza bei kabla hujakaa kwenye kiti, na umwambie daktari anachotaka mtoto ni kucheka bila kufunika mdomo, juu kuna wazazi wanaambiwa "ni rangi tu" wanarudishwa nyumbani.

Ule mdogo ndio wa kukimbilia. Meno yake ya mbele bado yanajengwa, mpaka afike miaka minne mitano hivi, na ya nyuma mpaka karibu minane. Maji yake badilisha wiki hii, hata kabla ya kupima kisima.

Fundi_Maji_Lanet
Ya kupima, chukua chupa safi ya plastiki, isiwe ya glasi, iache pampu ikimbie kidogo kwanza, suuza na maji yale yale halafu jaza. Andika jina la kisima na tarehe. Ofisi ya maji ama maabara yoyote ya maji Nakuru wanapima, waambie unataka floraidi kwa jina, ukisema tu "nipimieni maji" wanaweza kuangalia vijidudu peke yake. Ongea na majirani wa plot mchange, kisima ni kimoja na watoto ni wa kila nyumba.