Debe la mahindi SI kilo 20! Mama wa watu ameitwa mwizi kwa sababu ya jedwali la WhatsApp

Wakuu, nawasalimu wote. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za mazao, hili ni jambo jingine.

Kuna jedwali linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na humu ndani pia limebandikwa zaidi ya mara moja. Linasema: "Debe 1 = kilo 20. Gunia 1 = debe 5 = kilo 100. Sado 1 = kilo 4." Halitaji ni zao gani. Halitaji aliyeliandaa. Ila limepambwa kwa rangi na watu wamelishika kama tangazo la serikali. Jedwali hilo ni la uongo, na huku kwetu mkoa wa Njombe limeshamdhalilisha mtu asiye na kosa mbele ya mkutano wa wazazi.

Iko hivi. Shule wanayosoma watoto wetu inapika chakula cha mchana kwa michango ya wazazi. Kila kaya ilitakiwa kuleta debe mbili za mahindi, asiye na mahindi alipe pesa. Mahindi yakapokelewa kwa ndoo ya plastiki, ile ya lita 20 tunayoijua wote. Yalipoisha kuingia, kamati ikahesabu madebe 240, ikazidisha kwa 20 kama jedwali linavyoelekeza, na kwenye daftari la stoo ikaandikwa kilo 4,800.

Sasa shikeni hapo. Mahindi yaliingia kwa ndoo, lakini kutoka stoo yanatoka kwa mizani. Kila siku ya shule mama mpishi anapimiwa kilo 60, anatia sahihi. Gawa 4,800 kwa 60, unapata siku 80. Kamati ikawatangazia wazazi kwamba chakula cha siku 80 kipo na hakuna mchango mwingine. Siku ya 68 stoo ikawa nyeupe.

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti akasimama na daftari, akasema zimepotea kilo 720, magunia zaidi ya saba. Mama mpishi akasema, "Mwenyekiti, mimi nimepika nilichopimiwa, na sahihi zangu zote zipo." Akajibiwa, "Mama, hesabu haidanganyi." Hakuna mtu aliyenyanyua mkono kuuliza hiyo 20 imetoka wapi. Ikapitishwa akatwe kwenye malipo yake kidogo kidogo mpaka shilingi 648,000 zitimie, kwa bei ya 900 kwa kilo. Mwanamke anayeamka alfajiri kuwasha kuni kwa ajili ya watoto wetu!

Hayo mahindi hayakuibiwa. Hayakuwahi kuwepo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hesabu yenyewe haihitaji chuo. Chukua sahihi za mama: siku 68 mara kilo 60 ni kilo 4,080. Gawa kwa madebe 240. Unapata kilo 17 kamili kwa kila debe. Basi nikaenda kwa mnunuzi wa mazao pale mjini mwenye mizani iliyopigwa muhuri, nikachukua ndoo aina ileile na mahindi makavu, tukapima mbele ya watu. Uzito wa ndoo tupu tukautoa kwanza. Tulipojaza mpaka mdomoni na kupitisha fimbo juu, yaani kipimo cha mfuto, mizani ilisoma kilo 15 na nusu. Tulipomimina mpaka kilima kikasimama na punje zikaanza kuporomoka pembeni, ikasoma 17, mara inazidi kidogo, mara inapungua kidogo. Tuliposhika ndoo tukaitikisa ili mahindi yakae, tukaongeza tena juu, haikufika hata 18. Hakuna ujazaji wowote uliotupa 20. Hakuna.

Na hauwezi kutoa 20, kwa sababu lita 20 ni kilo 20 kwa kitu kimoja tu: maji. Aliyetengeneza lile jedwali alichukua namba ya lita iliyoandikwa kwenye ndoo akaibadilisha jina ikawa kilo. Hata ile "Sado 1 = kilo 4" ni ugonjwa uleule, kopo la lita nne limegeuzwa kilo nne. Huo ndio utaalamu wote uliomo.

Debe ni kipimo cha ujazo. Linakwambia kitu kimechukua nafasi kiasi gani, halikwambii kina uzito gani. Katikati ya punje na punje kuna hewa, na kila zao lina hewa yake. Mahindi makavu yaliyopukuchuliwa yana wastani wa kama kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo lita 20 kamili za mahindi ni kilo 14 na kidogo (ndoo zetu zikijazwa mpaka mdomoni hupita ile alama ya 20, ndiyo maana tulipata 15 na nusu). Mchele ni mzito zaidi, lita 20 zinakupa kilo 16 hivi. Mpunga wenye maganda yake ni mwepesi, unacheza kwenye kilo 11 au 12. Alizeti sitaki hata kuisemea, ndoo nzima hufiki kilo 9. Sasa mtu wa Singida anayeuza alizeti naye atumie "debe = kilo 20"? Atamdai nani hizo zilizopungua?

Wenzetu Marekani wana kipimo chao cha zamani kinaitwa busheli, nacho asili yake ni ujazo, karibu lita 35. Walipotaka kukitumia kwa uzito hawakuandika namba moja wakatembea nayo. Busheli ya ngano ni ratili 60 (ratili moja ni chini kidogo ya nusu kilo), ya mahindi ratili 56, ya oti (oats), nafaka nyepesi wanayolisha farasi, ratili 32. Chombo ni kimoja, uzito tofauti, na kila zao limewekewa namba yake. Sisi tunataka namba moja kwa kila kitu kuanzia maharage mpaka mkaa.

Na wala msiseme sisi Waswahili hatujui vipimo. Wazee wa pwani walikuwa na mpangilio uliotulia: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, pishi 60 ni jizla. Vyote hivyo ni ujazo, na ukibadilisha kimoja kwenda kingine hupotezi hata punje. Cha uzito kilikuwa kando: ratili na frasila, na frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Nafaka ilikwenda kwa pishi, pembe za ndovu na karafuu zikauzwa kwa frasila. Mchumaji wa karafuu Unguja na Pemba alilipwa kwa pishi alizochuma, lakini karafuu kavu ikifika kwa mnunuzi inapanda mizani. Walijua kabisa lini unapima kwa chombo na lini unapima kwa mizani. Hata zakatul-fitri mpaka leo ni pishi moja, na masheikh wakitaja kilo 2 na nusu au 3 wanaeleza kwamba ni makadirio kufuatana na chakula chenyewe. Mtu anayetoa sadaka anaelezwa hivyo, lakini mpishi anayekatwa mshahara haelezwi!

Kuna jambo jingine ambalo kamati haikuligusa: debe lenyewe lipi? Debe la bati la zamani, lile la mafuta ya taa, ni galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Ndoo ya plastiki ni lita 20 na kitu. Vyote viwili watu wanaviita debe, na tofauti yake ni karibu sehemu moja ya kumi. Wazazi wengine walileta mahindi yao tayari wameshapima nyumbani kwa debe la bati, wakaandikiwa "debe mbili" bila kupimwa tena. Nina hakika, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa kwenye foleni na niliona magunia yakipokelewa kwa mdomo. Basi hata hiyo 17 imetokea kwa sababu wengi walijaza kwa moyo, kilima juu.

Na unyevu je? Mahindi mengi yaliletwa mapema baada ya kuvuna. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 yakikauka mpaka asilimia 13.5 inayotakiwa kwa kuhifadhi, kila kilo 100 zinabaki kilo 92 na nusu. Hakuna aliyegusa stoo, ni maji tu yameondoka. Hata kama wangepima kwa mizani siku ya kwanza, kilo zingepungua zenyewe.

Sasa tazama na wale waliolipa pesa. Waliambiwa debe mbili ni kilo 40, mara 900, wakalipa shilingi 36,000. Jirani yake aliyeleta ndoo mbili zilizojaa ametoa kilo 34, thamani yake 30,600. Watoto wao wanakula sahani moja. Huyu aliyelipa pesa amezidishiwa 5,400, na aghalabu anayelipa pesa ni yule asiye na shamba, kibarua, mama anayeuza vitumbua. Hakuna aliyemwonea huruma kwa kuwa jedwali limesema.

Ninajua kuna watakaokuja kusema "mkuu, mbona sokoni tunatumia debe miaka yote na mambo yanaenda". Yanaenda kwa nani? Mkulima wa viazi huku kwetu anajaziwa lumbesa, gunia linashonewa nyongeza juu mpaka linafanana na mtu aliyevaa kilemba, halafu analipwa gunia moja. Mzigo uleule ukifika Dar unafunguliwa, unapangwa kwa sado na mafungu, na ile nyongeza ya bure inauzwa. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo. Wakala wa Vipimo wapo na kila mwaka mizani inatakiwa ikaguliwe na kupigwa muhuri. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini mjanja anapenda debe kwa sababu debe linanyumbulika mkononi mwake: akinunua anatikisa na kurundika, akiuza anafuta kwa fimbo, na pengine chini ya kopo kumebonyezwa kuelekea ndani. Kwa mahindi peke yake, kati ya mfuto na kilima tumeona kilo moja na nusu. Zidisha kwa madebe ya msimu mzima mjue anakula kiasi gani.

Kwa hiyo naomba, na nasema kwa herufi kubwa: USIBADILISHE DEBE KUWA KILO KWA NAMBA YA KUOKOTA. Kama huna mizani, andika madebe yaliyoingia na utoe kwa ndoo ileile, ya mfuto, kwa fimbo ileile. Daftari litabaki la kweli kwa sababu kilichoingia na kilichotoka vina kipimo kimoja. Ukilazimika kujua kilo, chota ndoo kadhaa za zao hilohilo siku hiyohiyo, zipime, tafuta wastani, andika na tarehe. Ni kazi ya nusu saa. Kamati nzima ya watu wazima ilishindwa nusu saa, ikaona rahisi kumshika mama mpishi.

Na wewe uliyebandika lile jedwali humu, nimekuandikia faragha hukujibu. Lifute. Hata ukiongeza maneno "kwa makadirio" chini yake haitasaidia, watu wanakopi namba, maneno wanayaacha.

NYONGEZA: Nimesoma majibu ya mwanzo. Aliyesema "gunia letu ni debe sita na linafika kilo 100", mkuu wewe umethibitisha ninachosema, gawa 100 kwa 6 uone kama utapata 20. Aliyeuliza kwa nini namtetea mama, je kama kweli aliiba? Kila siku amepimiwa na mtunza stoo kwa mizani, na jumla ya sahihi zao inalingana na uzito wa ndoo zilizoingia. Ukitaka kumwita mwizi, lete kilo, usilete kuzidisha.

Na aliyeshauri twende Wakala wa Vipimo, ushauri umepokelewa, ila kikao cha kuthibitisha makato kinafanyika wiki hii. Mwenyekiti amekubali nipewe nafasi ya kuongea kwa sharti nije na mizani, siyo maneno. Yule mnunuzi amesafiri na mizani yake. Mwenye mizani ya kilo 100 na kuendelea, yenye muhuri wa mwaka huu, aliye Makambako au karibu, aniandikie faragha leo. Usafiri wa kuibeba kwenda na kurudi juu yangu, ndoo na mahindi ninayo.