Paka wa mtaani kajikunyata nyuma ya tangi la maji, anahema: anazaa au anaumwa?

zuhura_uani
Habari za usiku wadau. Kuna paka jike wa mtaani, mweupe mwenye mabaka meusi, hana mwenyewe. Tangu saa kumi alasiri kajibanza nyuma ya tangi la maji hapa uani, Tanga. Tumbo limeshuka ubavuni, anahema mdomo wazi, anajilamba nyuma, anasimama, anazunguka, analala tena. Dagaa waliowekwa saa sita mchana hajawagusa. Sasa ni saa moja na nusu usiku na wingu limetanda. Ukisogea anafoka na kulaza masikio. Je, huu ni uchungu wa kuzaa? Nimwingize stoo au nimwache? Na nitajuaje kwamba mambo yameharibika?

MtuWaMifugo
Dalili ulizotaja ni za uchungu wa mwanzo. Kukataa chakula, kuhangaika, kujilamba na kuhema kwa vipindi ndivyo mlango wa uzazi unavyofunguka, na hatua hiyo inaweza kuchukua saa 6 mpaka 12, hata 24 kwa anayezaa mara ya kwanza. Kwa hiyo muda wa saa tatu na nusu si jambo la kutisha. Kinachotisha ni akihema bila kupumzika huku ufizi umekuwa mweupe au wa buluu. Ufizi utauona mdomo ukiwa wazi, huhitaji kumshika.

Kabla ya lolote, mmulike kwa tochi ukiwa mbali, mwanga uende pembeni yake na si machoni. Tazama chuchu. Za paka mwenye mimba huwa za waridi na zimevimba, na siku moja au mbili kabla ya kuzaa maziwa huanza kuonekana. Kama tumbo ni kubwa lakini chuchu ni ndogo na zimefifia, mbavu na uti wa mgongo vinaonekana, hapo fikiria minyoo au maji tumboni. Usaha au uchafu wenye harufu mbaya ukeni ni uambukizi wa mfuko wa uzazi, na huyo ni wa daktari wa mifugo usiku huuhuu.

Kidawa
Naongeza jambo ambalo watu hulisahau. Angalia kama *ameshazaa*. Chuchu zikiwa ndefu, manyoya yaliyozizunguka yamelowa au kunyonyoka kama duara, na tumbo limelegea kama mfuko mtupu, basi watoto wako mahali pengine: darini, kwenye mtaro, ndani ya gari bovu la jirani. Paka wa namna hiyo ukimfungia stoo mpaka asubuhi umewaua watoto wake, kwa sababu mtoto mchanga hawezi kujitia joto mwenyewe, na usiku mmoja bila mama unamtosha. Mlango usifungwe mpaka uwe na hakika.

Kuhusu kumhamisha: usimbebe. Paka akitishwa katikati ya uchungu, uchungu husimama, na anaweza kukimbilia mahali usipomwona kabisa. Mpelekee mahali pazuri, achague mwenyewe. Chukua boksi la katoni ambalo anaweza kujinyoosha ndani yake, kama sentimita 50 kwa 40. Lilaze, kata mlango upande mmoja ila acha kizingiti cha sentimita 12 hivi ili watoto wasibiringike nje. Ndani tandika magazeti, juu yake kanga kuukuu. Taulo la nyuzi za duara liache, kucha za watoto hunasa. Liweke boksi juu ya matofali mawili mita moja au mbili kutoka alipo, mdomo wake ukielekea ukutani, na juu ufunike kwa nailoni au bati kwa ajili ya mvua. Maji ya kunywa yawe karibu, kwenye sahani ya chini na si ndoo. Kisha ondoka. Na watoto wa nyumbani waingie ndani, uani pawe kimya.

zuhura_uani
Asanteni. Chuchu ni za waridi, zimevimba, tumbo limejaa. Boksi limewekwa, kalinusa, karudi nyuma ya tangi. Jirani anasema duka la dawa za mifugo lina sindano ya kuharakisha uzazi wa ng'ombe, anaweza kumchoma nusu. Ni sawa?

MtuWaMifugo
Hapana, hapana kabisa. Dawa hiyo hubana mfuko wa uzazi kwa nguvu. Kama mtoto amekaa vibaya au ni mkubwa kuliko njia, mfuko unabana juu ya kitu kisichotoka na unaweza kupasuka, paka akafa kwa damu ya ndani. Tena kipimo cha ng'ombe, hata ukikigawa nusu, ni kikubwa mno kwa mnyama wa kilo 3. Wenye kuitumia kwa paka huanza kwa kuhakikisha njia iko wazi, kisha hutoa tone dogo sana.

Sasa shika saa, maana usiku huu saa ndiyo itakayokupa jibu. Uchungu wenyewe utautambua: ubavu unajikaza kwa mawimbi, mkia unainuka, anasukuma. Tangu hapo mtoto wa kwanza kwa kawaida hutoka ndani ya nusu saa, wanaofuata hupishana dakika 10 mpaka 60. Miguu ya nyuma kutangulia ni kawaida kwa paka, usishtuke. Mara nyingine paka huzaa wawili, hupumzika saa nyingi akiwa ametulia, ananyonyesha, hata anakula, halafu huendelea na waliobaki. Mapumziko hayo hayana tatizo kama hasukumi.

Tafuta daktari, au afisa mifugo wa kata kama ndiye anayepatikana, ukiona mojawapo ya haya: anasukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 na hakuna kitu, sehemu ya mtoto inaonekana na haisogei kwa dakika 10, damu nyekundu mbichi inachuruzika zaidi ya dakika 10, uchafu wa kijani unatoka na hakuna mtoto aliyezaliwa. Kijani kile ni rangi ya kondo la nyuma lililobanduka. Kikija pamoja na mtoto au baada yake ni sawa. Kikitangulia peke yake na mtoto hafuati, kuna mtoto ndani asiyepata tena hewa kutoka kwa mama.

Usimvute mtoto aliyekwama kwa mguu mmoja wala kichwa. Paka huyu hakuzoei, ataku​ng'ata, na jino la paka huingiza uchafu ndani sana. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda zahanati au hospitali ukaeleze kwamba ni mnyama wa mtaani, wakuangalie kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Hilo usilingoje mpaka vidonda vipone.

zuhura_uani
Saa nne na robo. Wa kwanza kazaliwa, kamlamba. Wa pili katoka sasa hivi bado yumo ndani ya utando na mama hamshughulikii, anasukuma mwingine. Nifanye nini??

Kidawa
Mpe dakika moja, mbili zisizidi. Mama asipomgeukia, vaa glavu au funga kitambaa mkononi umvute mtoto upande wako polepole. Pasua utando kuanzia puani kwa kuubana kwa vidole, uvue kama soksi. Futa pua na mdomo. Kichwa kikiwa chini kidogo kuliko mwili, msugue mgongo na ubavu kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu kama mama anavyolamba, mpaka alie. Usimpungie hewani kama wengine wanavyofanya, ubongo wake ni laini. Kamasi zikijaa puani zinyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Kitovu: funga uzi wa kushonea uliochovywa kwenye spiriti, sentimita 3 kutoka tumboni, kata upande wa nje wa uzi, chovya ncha kwenye ayodini ya kahawia. Usikikate karibu na ngozi na usikivute, ukikivuta utumbo unaweza kutokeza pale kitovuni. Akianza kulia mrudishe kwenye chuchu mara moja. Maziwa ya kwanza yana kinga, na utumbo wa mtoto huipokea vizuri saa 12 hadi 18 za mwanzo tu.

zuhura_uani
Kalia! Wamefika wanne, mama ametulia, kaingia mwenyewe kwenye boksi akiwabeba mmoja mmoja. Mmoja ni mdogo na wa baridi. Kuna maziwa ya ng'ombe ndani, nimtilie mdomoni?

MtuWaMifugo
Mtoto wa baridi halishwi. Tumbo lake limeacha kusaga chakula, maziwa yatachacha humo au yataingia mapafuni. Mtie joto kwanza: chupa ya plastiki yenye maji ya moto ya kuvumilika, izungushie kanga mara mbili, mlaze pembeni yake na si juu yake, umgeuze. Itachukua saa nzima au zaidi, usimharakishe kwa moto wala jua. Akianza kujitikisa na mdomo ukawa na joto, mpachike kwenye chuchu za nyuma, ndizo huwa na maziwa mengi.

Maziwa ya ng'ombe yataharisha, na kuhara kwa mtoto wa gramu 90 ni kifo cha siku moja. Ikilazimu kumlisha, tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka. Yakikosekana usiku huu, ya mbuzi yasiyozimuliwa ni afadhali kwa siku moja tu. Kila baada ya saa 2 au 3, yasizidi mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, akiwa amelala kifudifudi. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu atapaliwa. Kisha mpanguse nyuma kwa pamba yenye maji ya vuguvugu ili akojoe, bila hivyo hawezi.

Kila siku mpime kwenye mizani ya jikoni kwa saa ileile. Gramu 10 mpaka 15 za nyongeza kwa siku ni nzuri. Asiyeongezeka siku moja, mtazame. Anayepungua, usingoje ya pili.

Kidawa
Hesabu makondo pia, kila mtoto na lake. Mama huyala, mwachie mawili matatu. Likibaki moja ndani, baada ya siku moja au mbili utaona homa, uchafu wa kunuka, na mama hataki watoto. Majimaji ya kahawia yasiyonuka kwa wiki mbili hivi ni kawaida.

Kwa pwani yetu hasa wakati wa mvua adui mkubwa ni siafu. Wakiingia usiku hawaachi mtoto hai. Yaweke yale matofali ndani ya masinia mapana yenye maji, boksi lisiguse ukuta, na mwaga majivu makavu kuzunguka. Mafuta ya taa usimwage, harufu itamfanya mama awahamishe watoto. Wala usipige deki kwa dawa ya kuua vijidudu ile inayogeuza maji kuwa meupe kama maziwa, kwa paka ni sumu, atailamba miguuni. Dawa ya viroboto ya mbwa au ya kuogeshea ng'ombe vivyo hivyo. Viroboto watoe kwa chanuo lenye meno membamba.

Mama ale mara tatu nne kwa siku: dagaa waliochemshwa bila chumvi na kuoshwa mchanga, yai la kuchemsha, ugali kidogo wa kuongeza wingi. Kitunguu na mchuzi wa viungo usimpe. Ukimwona wiki ya pili au ya tatu anatetemeka, anatembea kwa kukakamaa, hiyo ni upungufu wa madini ya chokaa (kalsiamu) mwilini kwa sababu ya kunyonyesha. Siku hiyohiyo kwa daktari.

Na anza sasa kumzoesha mama kula chakula chake ndani ya kreti ya kubebea wanyama iliyo wazi. Anaweza kupata mimba nyingine huku ananyonyesha, kwa hiyo watoto wakifika wiki 8 na kuacha ziwa, kreti hiyo ndiyo itakayompeleka kufungwa kizazi bila kukimbizana naye uani.