Dalali anataka 650,000 kwa Quad 33: nichukue au nipite?

Mwl wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijapigwa.

Mjomba wangu alifariki mwaka juzi. Ndugu waligawana viwanja, mimi nikapewa "maredio ya mzee". Sikununa. Ndani yake kulikuwa na paua (amplifaya ya kusukuma spika) ya Quad 303 aliyorudi nayo kutoka Uingereza, spika mbili nzito kama jiwe la kusagia, na katoni tatu za santuri, nyingi za dansi. Shida ni kwamba 303 haina hata kitasa cha sauti, na priamplifaya yake, kile kisanduku cha mbele chenye volyumu, haikuonekana. Shangazi anasema kuna kijana aliichukua "kuitengeneza", mwaka wenyewe haukumbuki.

Sasa nimepata priamplifaya mbili za kuchagua. Ya kwanza ni Quad 33, iko Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Imefifia, ila vibonye vyake vya rangi ya chungwa vipo vyote. Dalali anataka 650,000. Ya pili ni Yamaha C-2, nyeusi, nyembamba, ukiiona tu unaitaka. Iko kwa jamaa Sinza, 900,000, na nyuma imeandikwa 100V. Jamaa anasema hilo si tatizo, "unaweka transfoma tu". Hakuna hata moja niliyoisikia ikipiga. Kote naambiwa "nzima kabisa, mwalimu".

Mshahara wa mwalimu mnaujua. Ipi?

Chenji Ibaki

Laki tisa kwa kitasa cha volyumu? Nunua spika ya bluetuthi, hela nyingine nunua mchele.

Bi Upanga

Mwalimu, huyo wa mchele mwache ale.

Mimi nakuongezea swali moja la kumuuliza muuzaji: je, inakuja na kila kitu chake? Niliwahi kununua prii (priamplifaya) ya Naim, NAC 42, kwa familia ya wageni waliokuwa wanahama Masaki. Nafika nyumbani, haina waya wa umeme, na wala hakuna pa kuuchomeka. Nikajua wamesahau kunipa. Nampigia yule baba, yuko uwanja wa ndege na mizigo. Kumbe prii hizo hupata umeme wake kutoka kwenye paua ya Naim, au kwenye kisanduku kingine kinachouzwa peke yake. Nilikaa nayo miezi saba kabatini karibu na vikombe vya wageni.

Fundi wa Gerezani

Mwalimu, pole kwa mjomba. Dada wa Upanga kasema kweli, na mimi naanzia hapohapo, kwenye kulingana.

Hiyo 303 yako ni wati 45 kila upande, na inataka nusu volti tu kutoka kwa prii kufika mwisho wa nguvu zake. 33 ilitoka mwaka 1967 pamoja nayo na inatoa nusu volti hiyohiyo. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Yamaha inatoa zaidi. Haitaua paua, ila utakuwa unachezea robo ya kwanza tu ya kitasa, na volyumu nyingi za zamani hapo ndipo kushoto na kulia hazilingani.

Halafu hiyo 100V, yaani ni ya umeme wa Japani. "Unaweka transfoma tu" imenigharimu mimi mwenyewe. Nilinunua mashine ya Kijapani nikaichomeka kwenye transfoma ya kushushia ambayo kila duka inayo, ile ya 110. Piga hesabu. Umeme ukiwa 230 inatoa 110, tayari umezidisha asilimia kumi. Usiku watu wamezima pasi na majiko, mtaani kwangu umeme unapanda hadi 250, na transfoma inatoa karibu 120. Mashine ya 100 inalishwa 120! Ingelipuka siku ya kwanza ningeshukuru. Ilipata joto wiki tatu, kisha upande wa kulia ukaanza kukoroma kama mzee aliyeshiba pilau. Prii inakula umeme kidogo, transfoma ndogo inaitosha, lakini iwe ya kutoa 100 kweli, na uipime kwa mita kabla mashine haijagusa soketi.

Kwa hiyo mimi ni 33. Lakini ina zaidi ya miaka arobaini, usiilipe kwa macho. Acha spika za mjomba nyumbani, nenda na sabufa, simu, na waya wa DIN kwenda RCA (zile plagi za nyekundu na nyeupe), maana 33 ina soketi za DIN, zile za mviringo za pini. Sabufa ikiungua, imeungua sabufa. Iwashe, piga soga na dalali nusu saa. Kisha, bila muziki, fungua volyumu taratibu hadi mwisho. "Shhh" nyembamba ni halali yake. "Mmmm" nzito ni kapasita zimechoka, au waya wako mbovu, badilisha waya kwanza. "Krrr" unapozungusha ni uchafu, dawa ya kopo ya kusafishia swichi inautoa. Ila sauti ikikatika upande mmoja palepale kila ukipita, njia ya kaboni ndani ya volyumu imelika, hiyo ni volyumu mpya. Ukiweka simu usishangae sauti kuwa kubwa kitasa kikisogea kidogo tu. Njia ya redio ya 33 ilitengenezwa kwa vitu vyenye sauti ndogo kuliko simu zetu.

Omba ifunguliwe. Vibodi vyake, yaani vibamba vya saketi, ni vya kuchomeka, na pini ndizo zinazosumbua. Juzi nililetewa moja kutoka Kigamboni, nje inang'aa, ndani pini zimeota kijani kama senti ya shaba iliyosahaulika mfukoni. Upepo wa chumvi huo. Nilizisugua na kifutio cha penseli cha binti yangu, ikaimba. Nusu ya mashine zinazoitwa mbovu ni hivyo.

Na wewe mwenye santuri: nyuma kuna kibodi kidogo cha sindano ya santuri, kinachomoka. Kisipokuwepo, humo hakuna santuri.

Bei ni ya mtu aliyesoma mtandaoni. Mwaka 2024 Quad walitoa 33 na 303 mpya zenye sura ya zile za zamani. Akikuonyesha bei hizo kwenye simu, mwambie akupe hiyo mpya.

Mwl wa Tabata

Fundi, nimerudi. Nilipanda daladala na sabufa mapajani, wanafunzi wangu wawili wakaniona, Jumatatu najua nitaitwa DJ.

"Mmmm" hakuna. "Krrr" ipo. Upande wa kushoto unakatika kitasa kikifika kama saa nne ya ukutani, kila mara palepale. Vibonye vyote vinafanya kazi. Nikageuza nyuma: tundu la kibodi cha sindano liko wazi. Dalali akasema zilikuja hivyo kiwandani. Nikaanza kukunja waya wangu. Kijana wake akavuta droo, akatoa kopo la Blue Band lenye skrubu na betri zilizokufa, kibodi kikiwa ndani. Dalali akataka elfu hamsini ya kibodi juu ya ile 650,000!

Tumemalizana 430,000, na kibodi, na kopo.

Fundi wa Gerezani

Hiyo "saa nne" ni kaboni. Usiipulizie kitu chochote, hasa si ile dawa ya bawaba za milango. Lete Jumamosi na 303 pamoja, niiangalie nayo kabla hujaziunganisha. Mjomba aliiwasha mara ya mwisho lini?

Mwl wa Tabata

Shangazi anasema kabla ya korona. Na nikiri, mimi niliiwasha jana dakika mbili, nione taa.

Fundi wa Gerezani

303 haina taa, mwalimu. Zima, chomoa, lete.